Kiangazi Gari la Shemeji Lilipochemsha

Jumapili, tarehe 1

Mimi ndiye mtu ambaye kama asingezaliwa, mji huu mzima ungekuwa unatembea kwa miguu. Nasema hivi bila majivuno, maana majivuno ni ya watu wasio na ushahidi, na mimi ushahidi ninao. Lile lori la magogo lililolala njia panda mpaka mafundi wote wakaliaga kama maiti, nililiwasha mimi, kwa pini ya nywele. Shule niliiacha darasa la sita, na si kwa kushindwa. Mwalimu mwenyewe aliniambia, "Wewe hapa unatuchelewesha." Nikamwelewa vizuri sana.

Naanza kuandika leo kwa sababu kiangazi kimeingia na nina kazi kubwa mbele yangu. Dada yangu, huyu aliyenilea tangu mama yetu alipofariki, alipigwa na kiharusi mvua zilizopita. Mguu wa kulia anauburuza. Mkono wa kulia umejikunja kama jani lililoona moto. Maneno yanamtoka polepole, ila makali yake hayajapungua hata kidogo. Kila Jumanne na Ijumaa anatakiwa apande kwenda kituo cha mazoezi, kule juu mlimani, na mama wa mazoezi amesema wazi: akikosakosa, mkono utakauka hivyo hivyo ulivyo. Teksi hataki kuzisikia. Dereva wa kwanza alimbeba kama gunia la mkaa, na siku ile ile Dada akaapa: "Nitapanda gari la mume wangu, au sipandi."

Gari la mumewe, yaani la marehemu shemeji yangu, ni la kijani na ni kuukuu, na lilikuwa limelala uani tangu mwenyewe azikwe. Nimelifufua. Feni ya rejeta ilikuwa imeungua, nikapata nyingine kwa muuza vyuma chakavu, nikaifunga mwenyewe. Ile ya zamani ilikuwa na waya mwekundu na waya mweusi. Hii nyaya zake zote mbili nyeusi. Fundi wa kawaida angekaa chini alie. Mimi nilizitazama mara moja, nikaunga, feni ikazunguka vuuu!

Dada akauliza kutoka barazani, "Una hakika?"

"Dada, nyaya mbili tu. Mtu akishindwa na nyaya mbili ataweza nini duniani?"

Jumanne tunapanda mlima.

Jumanne, tarehe 3

Limechemsha.

Tulitoka salama. Mama Duka, ambaye duka lake linatazamana na geti letu na mdomo wake unatazamana na dunia nzima, akapaza sauti: "Mmekwenda, mtarudi?" Nikampigia honi kumjibu. Honi haikulia, lakini nia yangu aliiona.

Kwenye tambarare gari lilikwenda kama maji ya mtelemko. Tulipoanza kupanda mlima, mshale wa joto nao ukaanza kupanda, utadhani wamewekeana ahadi. Katikati ya mlima mvuke mweupe ukafoka mbele, nikaegesha. Na bahati mbaya ina kejeli zake, maana pale tulipoegesha ni mbele ya karakana ya seremala wa majeneza. Ameyapanga nje, makubwa kwa madogo, yanang'aa vanishi. Mwenyewe akatoka, penseli sikioni, futi ya kupimia mkononi.

"Karibuni sana," akasema.

Dada akamtazama dirishani. "Mwambie... aweke futi chini. Huu mwili... bado nautumia."

Seremala alicheka mpaka penseli ikamdondoka. Akatuletea benchi na ndoo ya maji. Tukasubiri injini ipoe, nikaongeza maji, tukafika kituoni wagonjwa wenzake Dada wakiwa wameshamaliza. Mama wa mazoezi akamfanyia kidogo tu, shingo upande. Lakini ugonjwa wa gari nimeshaujua. Ni mpira wa chini wa rejeta, umechoka.

Jumatano, tarehe 4

Nimebadilisha mpira. Kazi safi. Jua kali.

Ijumaa, tarehe 6

Limechemsha. Pale pale kwa seremala. Safari hii benchi alikuwa ameshalitoa nje.

Jumapili, tarehe 8

Jambo la ajabu ni kwamba uani gari halichemshi. Asubuhi nimeliwasha nikaliacha linaunguruma, mpaka nimemaliza chai na kusimulia upya kisa cha lori la magogo, na mshale umetulia katikati kama mtoto aliyeshiba. Nilimsogezea Dada kiti chake mbele ya gari, pua kwa pua, ayaone mafanikio kwa karibu. Baada ya muda nikaona ameunyoosha ule mkono mgonjwa kuelekea nyavu za mbele.

"Mdogo wangu," akasema, "hapa panatoka joto zuri."

Vidole vililegea. Si sana, lakini nilimwona akitenganisha kidole gumba na wenzake, jambo ambalo kituoni humtoa machozi. Nikamwambia hiyo ndiyo faida ya kuwa na fundi katika ukoo.

"Ile pini ya nywele," akasema, macho kafumba, "leo umesema... msumari."

"Ilikuwa pini yenye mwili wa msumari."

"Haya, Injinia."

Jumanne, tarehe 10

Limechemsha. Jioni nimeitoa thamostati, ile valvu inayozuia maji mpaka injini ipate moto, nikaitupia kwenye kopo. Kila fundi anajua kuwa penye joto kama letu kile kidude ni pambo tu.

Baada ya hapo mpwa wangu akapiga simu. Ni mtoto pekee wa Dada, yuko jiji la mbali, kazi yake ya ofisini, huvaa tai mpaka Jumamosi.

"Mjomba, shikamoo. Mama leo amefika kituoni?"

"Marahaba. Amefika."

"Saa ngapi?"

"Kufika ni kufika, mwanangu. Saa ni mambo yenu ya ofisini."

"Mjomba, nakuheshimu. Lakini nakwambia mapema. Kama mpaka mvua zinaanza gari bado linamlaza mama barabarani, nakuja kumchukua akae kwangu. Huku kituo cha mazoezi kiko ng'ambo ya barabara."

"Na nyumba yake?"

"Tutaifunga."

Sikumuuliza mimi nitafungiwa wapi. Kitoto cha juzi hiki, nilikibeba mgongoni kikanikojolea shati, leo kinanipangia mvua.

Ijumaa, tarehe 13

Limechemsha. Seremala sasa anamwita Dada "mteja wangu asiyenunua."

Jumatatu, tarehe 16

Nimepeleka rejeta kwa fundi wa rejeta, yule wanayemwita Kimya. Aliiziba mdomo mmoja, akajaza maji, akatazama yanavyotoka upande wa pili, akanirudishia.

"Nzima," akasema.

"Nzima vipi na gari linachemsha?"

"Nzima."

Nikamweleza kwa kirefu jinsi nilivyowahi kuzibua rejeta ya trekta kwa kuipuliza kwa mdomo, trekta likaongezeka nguvu mpaka mwenye shamba akaniomba nilipunguze. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Tafuta kwingine," akaendelea na kazi yake. Mchoyo wa maneno ni mchoyo wa elimu. Nimerudi nimeifunga mwenyewe.

Jumanne, tarehe 17

Limechemsha. Nyasi za kando ya barabara zimekuwa rangi ya katani, na lami inanata chini ya viatu.

Leo kwenye benchi la seremala Dada hakuchokoza mtu. Alikaa anayatazama majeneza kama mtu anayetazama nguo za dukani asizozitaka. Halafu akasema, "Mwanangu alinipigia... asubuhi."

"Anasemaje?"

"Chumba ameshakipaka rangi." Akavuta pumzi. "Ni mtoto mzuri. Lakini kwake nitakuwa mgeni. Mgeni huambiwa... kaa, kaa tu, usiguse. Nitakaa mpaka nisahau kusimama."

Nikamwambia haendi popote, mimi nipo. Akanipiga paja kwa ule mkono mzima, kama anavyopigwa punda aliyegoma lakini anapendwa.

Ijumaa, tarehe 20

TUMEFIKA! Tumefika bila kusimama, na wale wasioniamini waandike pembeni.

Nilikumbuka jambo walilokuwa wakifanya madereva wa zamani. Ukiwasha hita ya ndani ya gari mpaka mwisho, ule moto wa injini unahamia ndani kwa abiria, na injini inapata nafuu. Nikamweleza Dada. Akauliza, "Yaani injini ipoe, tuchemke sisi?" Nikamwambia ndiyo, kwa lugha ya kawaida ndivyo ilivyo.

Madirisha yote wazi, hita imefunguliwa yote, jua la saa nne linatuchoma juu na gari linatuchoma chini. Jasho lilinimwagika mpaka kwenye soksi. Kitambaa cha Dada kichwani kililowa kama kimetolewa kwenye beseni. Tulipompita seremala alisimama na benchi lake mikononi, mdomo wazi, na hapo ndipo Dada alipocheka. Sijamsikia akicheka tangu augue. Kicheko kilitokea upande mmoja wa mdomo, kikakwama, kikatokea tena, na mimi nikacheka kwa sababu yake, mpaka kidogo niingie mtaroni.

Kituoni mama wa mazoezi alimshika paji la uso, akaruka. "Huyu ana homa kali! Nani kamleta hivi?"

"Hana homa," nikasema. "Ametoka kwenye gari."

Dada alifanya mazoezi yote. Yote. Mama wa mazoezi akasema viungo vimelainika kuliko siku zote.

Jumanne, tarehe 24

Naandika kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo herufi zitavumiliwa.

Leo jua lilikuwa la kulipiza kisasi. Hata mbwa wa Mama Duka alikuwa ameingia mfereji mkavu. Tuliwasha hita, tukafungua madirisha, tukapanda. Lakini ujanja wa Ijumaa haukutosha leo. Mshale ulipanda kabla hata ya karakana ya seremala, kwenye ile kona ya mawe isiyo na mti wala kivuli cha ukuta. Mvuke ukafoka, nikasimama.

Fundi yeyote anajua kwamba kifuniko cha rejeta hakifunguliwi cha moto. Mimi najua kuliko wote, nimewafundisha wengi. Lakini Dada alikuwa kwenye jua, midomo imemkauka, na saa yake ya mazoezi inapita, na nilikuwa nikiisikia sauti ya mpwa wangu ikisema tutaifunga, tutaifunga. Nikavua shati, nikalikunja, nikashika kifuniko, nikazungusha.

Sikumbuki kelele niliyopiga. Nakumbuka weupe tu. Maji yaliruka yakanipata kuanzia kiwiko mpaka kiganjani, nikarudi nyuma nikajigonga kwenye jiwe nikaanguka.

Kisha nikasikia mlango wa gari.

Dada hawezi kufungua ule mlango, huwa namfungulia mimi. Dada hasimami bila fimbo, na fimbo ilikuwa kiti cha nyuma. Lakini nilipoinua macho nilimwona anakuja. Ameegemea bodi la gari kwa ule mkono mzima, mguu mmoja unakanyaga, mwingine unafuata unachora mchanga, na bodi lenyewe lilikuwa la moto wa kuungua, wala hakuliachia. Anakuja huku ananiita jina la utotoni, ambalo sitaliandika hapa. Kituoni wanamshikilia watu wawili apite kwenye zile bomba za mazoezi na hamalizi. Leo alimaliza gari zima.

Alikuwa na chupa yetu ya maji ya kunywa kwapani. Akanimwagia yote mkononi. Halafu mguu ukamkatalia, akashuka kwa magoti kwenye kokoto, na hapo tukawa tumekaa wote wawili chini, tumeegemea tairi. Magoti yake yanatoka damu. Akauchukua mkono wangu akaanza kuupuliza.

"Dada, mimi mtu mzima."

"Nyamaza," akasema. "Napuliza."

Nikanyamaza. Akapuliza.

Lori la matofali ndilo lililotuokota na kuturudisha, gari letu likivutwa nyuma kwa kamba. Kituoni hatukufika. Tuliposhushwa nyumbani, mimi kifua wazi, Dada magoti yamefungwa shati langu, Mama Duka alikuwa ameshatoka na simu iko sikioni. Hakuwa na ubaya, alikuwa analia. Lakini aliyekuwa upande wa pili wa simu ni mpwa wangu.

Jumatano, tarehe 25

Amefika jioni. Nilijiandaa kwa maneno. Nilikuwa na majibu mazito kama mawe, nimeyapanga. Hakunipa nafasi. Alisalimia, akaiweka tai yake mfukoni, akatafuta beseni, akapiga magoti akamwosha mama yake vidonda taratibu, huku anapuliza kila anapogusa. Kumbe na yeye amepulizwa na yule yule.

Halafu akaja kuutazama mkono wangu, akaufunga dawa. "Mjomba," akasema, "ungekufa wewe, ningemwambia nini mama?"

Nikaenda kumtandikia kitanda.

Alhamisi, tarehe 26

Wameondoka asubuhi. Dada hakugoma. Alisema tu anakwenda kujaribu. Aliniagiza nimwagilie maua, nisimsumbue Mama Duka kwa hadithi, na nile.

Ijumaa, tarehe 27

Ijumaa, na hakuna pa kwenda.

Jumamosi, tarehe 28

Nimepika wali. Nimempa mbwa wa Mama Duka. Amenusa, akaniangalia kwa huruma.

Jumatatu, tarehe 30

Leo nimeliwasha gari kwa sababu ya ukimya tu. Likaunguruma. Kiti cha Dada kilikuwa bado pale mbele, pua kwa pua na rejeta, hakuna aliyekigusa. Nikakikalia. Ni kiti kidogo, kimebonyea kwa umbo lake. Nikanyoosha mkono wangu uliofungwa bandeji kuelekea nyavu za mbele, kama afanyavyo yeye, sijui kwa nini.

Na kweli, upepo wa joto ukanijia. Mzuri, laini, unapuliza moja kwa moja usoni.

Nilikaa hapo naufaidi kwa muda wa aibu kabla akili haijaamka. Unapuliza. Unapuliza kuja kwangu! Feni ya rejeta hukaa nyuma ya rejeta, kazi yake ni kuvuta hewa ya nje iingie ndani. Gari hili wakati wa shemeji ukipita mbele na karatasi lilikuwa linakunyang'anya. Nikachana ukurasa wa gazeti nikausogeza. Ukaruka ukaja kifuani kwangu.

Nimekaa naifikiria hesabu yake mpaka chai imepoa. Uani feni inapuliza kinyumenyume lakini injini haina mzigo, inavumilia. Barabarani upepo wa mbele unaingia, feni inautoa, wanagombana mlangoni kama wateja wawili, na rejeta katikati haipati hewa. Mlimani, mwendo mdogo na mzigo mkubwa, lazima lichemshe. Mpira ulikuwa mzima. Thamostati ilikuwa nzima. Rejeta ilikuwa nzima, Kimya hakukosea. Ni zile nyaya mbili nyeusi.

Siandiki kwamba nilikosea. Naandika kwamba nyaya zilikosea upande na mimi nilikuwepo.

Nimezibadilisha nafasi, hii mahali pa ile. Kazi ya muda wa kupenga kamasi. Thamostati pia nimeitoa kwenye kopo, nikaichemsha sufuriani nikaiona ikifunguka vizuri, nikairudisha mahali pake. Nikasogeza ukurasa wa gazeti tena. Ukafyonzwa ukanata kwenye nyavu, pa!

Jumanne, tarehe 31

Nimepanda mlima peke yangu, hita imezimwa. Mshale haukutikisika. Seremala alikimbia nyuma yangu na benchi akipiga kelele, "Yuko wapi mteja wangu?" Nilifika mpaka geti la kituo, nikageuza. Nilitamani kumwonyesha mtu. Kiti cha pembeni kilikuwa kitupu, nikakionyesha chenyewe.

Alhamisi, tarehe 2, mwezi mpya

Nimempigia mpwa. Nikamwambia nimegeuza mfumo mzima wa mzunguko wa hewa.

"Mjomba, hizo ni hadithi zako."

"Njoo ulipande mwenyewe, mlima mzima. Ukiuona mvuke, mchukue mama moja kwa moja, na mimi nitakusaidia kubeba mabegi."

Nilisikia kitu kinaburuzwa, kisha sauti ya Dada ikaingia kwenye simu. "Ilikuwa nini?"

Kwa Dada nilisema kweli yote. Feni, nyaya, upepo, gazeti.

"Kwa hiyo wakati wote," akasema, "gari lilikuwa... linanipepea mimi."

"Ndiyo, Dada."

Akacheka kile kicheko cha upande mmoja. Nikamsikia anamwambia mwanawe, "Nirudishe nikaone." Na mpwa akachukua simu akasema polepole, kama mtu asiyetaka mama asikie, "Huku mama hana raha, Mjomba. Chakula hamalizi. Kituo kiko ng'ambo ya barabara lakini akirudi ananitazama tu."

Nilimchukulia vibaya kijana huyu. Alipaka chumba rangi kwa mikono yake mwenyewe, Dada kaniambia.

Jumatatu, tarehe 6

Wamefika. Jambo la kwanza alilotaka Dada ni kiti chake, mbele ya gari, niwashe. Nikawasha. Akanyoosha mkono mgonjwa kwenye nyavu. Akausogeza karibu. Akaugeuza.

"Baridi," akasema.

"Sasa inavuta, Dada. Ndivyo inavyotakiwa."

"Umetengeneza gari... umeniharibia jiko."

Nimechemsha maji nikalowesha taulo, nikalikamua, nikamfunga mkono mpaka kwenye kiwiko. Mpwa akashika upande mmoja, mimi upande mwingine, kila mmoja anamwambia mwenzake amekaza sana. Vidole vikalegea. Tutafanya hivi kila asubuhi. Hakuna feni inayohitajika.

Jumanne, tarehe 7

Mawingu yamejikusanya tangu alfajiri lakini chini yake joto ni la tanuri. Siku mbaya kuliko zote kwa rejeta. Nilifurahi, nikapima maji ya rejeta mara tatu.

Dada mbele, mimi usukani, mpwa kiti cha nyuma, macho yake hayatoki kwenye mshale, naona kwenye kioo. Mama Duka alisimama barabarani. "Mtarudi?" akauliza, na safari hii alikuwa anauliza kweli.

Mlima ukaanza. Tukapita ile kona ya mawe. Dada aliweka mkono juu ya mguu wangu na kuuacha hapo. Mshale uko katikati. Tukafika kwa seremala, ametoa benchi, ametoa ndoo, amesimama kama mtu anayepokea wageni rasmi. Dada akatoa mkono dirishani, ule mkono mgonjwa, akaupunga. Ulipunga nusu. Seremala akaketi kwenye benchi lake mwenyewe.

Tukaingia kituoni kabla ya wote. Mlango ulikuwa bado haujafunguliwa. Mpwa alishuka, akagusa boneti kwa kiganja, akakiacha kwa muda. Kisha akaja dirishani kwangu.

"Basi, Mjomba," akasema. "Abaki kwake. Nitakuja kila mwisho wa mwezi. Na wewe," akautazama mkono wangu, "usifungue tena kifuniko cha moto."

"Mimi ndiye niliyewafundisha wengine," nikasema.

"Ndiyo, Mjomba."

Mvua ilianza tukiwa njiani kurudi, matone makubwa ya kwanza yanapiga kioo kama watu wanaobisha hodi. Tulipofika nyumbani mpwa alifungua mlango wa nyuma haraka achukue fimbo ya mama yake, na chini ya kiti akavuta mto wangu. Na shuka langu. Na ndala zangu.

"Mjomba, hivi vinafanya nini humu?"

"Nilikuwa nalinda betri. Wezi wa betri wamezidi mtaani."

Mama Duka, amejifunika mfuko wa plastiki kichwani kwa mvua, akasema, "Betri gani inalindwa kwa shuka la maua?"

Mpwa akacheka. Dada hakucheka. Alinitazama, mvua inamlowesha, akauchukua ule mto kwa mkono mzima, akauweka kifuani usilowe, akaingia nao ndani akiburuza mguu. Sasa hivi nasikia anakohoa chumba cha pili, na mto umewekwa kitandani kwangu.

Betri ya gari lile hata mwizi angeirudisha. Kweli ni kwamba tangu Alhamisi ile Dada alipoondoka mpaka aliporudi jana, sikulala ndani hata siku moja. Mimi naogopa kulala peke yangu ndani ya nyumba.